Injini ya mashua ikizimika baharini: tuanzie wapi?

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, baadhi ya mashua za mbao huendeshwa kwa injini kuukuu ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo. Injini hizi ni imara, lakini hupenda kuzimika bahari inapochafuka, yaani wakati zinapohitajika zaidi. Hiyo si bahati mbaya. Chombo kikiyumba, maji na taka zilizotulia chini ya tangi huvurugika na kuingia kwenye bomba la mafuta. Ndiyo maana injini iliyonguruma vizuri gatini inaweza kukata roho mkondoni.

Kwanza chombo, kisha injini

Kabla ya kushika spana, tia nanga ikiwa kina kinaruhusu, au pandisha tanga. Abiria wavae majaketi ya kuokoa maisha. Mashua isiyo na mwendo huelekea kugeuka ubavu kwa wimbi, na mkondo unaweza kuisukuma mwambani huku nahodha ameinamia injini.

Imezimika vipi?

Injini iliyokohoa na kupoteza nguvu kabla ya kuzimika mara nyingi imekosa mafuta. Iliyokwama ghafla huenda imenaswa. Toa gia, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka bila gia lakini ikagoma ndani ya gia, angalia kamba au wavu kwenye rafadha.

Mafuta na upepo

Dizeli haiwashwi kwa plagi. Pistoni hugandamiza hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha nozeli hupuliza mafuta ndani yake. Upepo ukiingia kwenye bomba, pampu hugandamiza upepo huo badala ya kusukuma mafuta.

Fungua sehemu ya chini ya chujio, utoe maji, kwani maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini. Badilisha chujio likiwa chafu. Kisha toa upepo kwa utaratibu: legeza skrubu ya chujio, sukuma mafuta kwa pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza. Rudia kwenye pampu kuu, kisha kwenye nati ya bomba la nozeli. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Mafuta yake hupenya ngozi, na jeraha hilo linahitaji hospitali haraka.

Joto na moshi

Ikiwa injini inapozwa kwa maji ya bahari, tazama yanapotokea. Yakikatika, zima injini, kisha angalia kama mfuko wa plastiki au mwani umeziba tundu la kuingizia. Usimwagie injini ya moto maji baridi. Chuma kinaweza kupasuka.

Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa, au mzigo uliozidi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto huashiria mafuta yasiyoungua au maji ndani ya silinda.

Mbao nazo zina neno

Mbao zikikaa majini huvimba, na chombo hubadilika umbo kidogo. Kwa hiyo, shafti iliyonyooshwa chombo kikiwa pwani inaweza kupinda njia kikishushwa. Tunashauri ipimwe tena baada ya siku kadhaa majini. Mtikisiko mpya, au maji yanayoongezeka ndani ya ngama, ni dalili ya kutopuuzwa.

Kabla ya safari

Toa kikombe kimoja cha mafuta kutoka chini ya tangi na ukiangalie. Yakiwa na maji au matope, endelea kutoa mpaka yatoke safi. Beba chujio la akiba, spana zinazoingia kwenye nati zako, tochi, nanga na tanga. Kazi hiyo ya dakika chache gatini ni ngumu mno kuifanya katikati ya wimbi.