Nani Aliipeleka Fainali ya Mapinduzi Usiku?

Kila Januari, Kombe la Mapinduzi linapokaribia ukingoni, mjadala uleule hurudi katika baraza za Mji Mkongwe na maskani za Ng'ambo: kwa nini fainali ichezwe saa 2:15 usiku? Jibu lililo tayari midomoni mwa wengi ni televisheni. Wanaouza picha, husemwa, wanamtaka mtazamaji akiwa amesharudi nyumbani na ameshakula. Mtu wa Makunduchi au Nungwi anayetaka kuingia uwanjani atajijua mwenyewe namna ya kurudi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Historia ya fainali hii, ikisomwa sambamba na historia ya umeme, ya ibada na ya kalenda ya Serikali, inaonyesha kwamba televisheni iliikuta fainali imeshaanza safari ya kuelekea usiku. Ilichofanya ni kuizuia isirudi. Anayelalamikia saa ya mchezo anapaswa kuijua tofauti hiyo, la sivyo atapeleka malalamiko yake kwenye mlango usiokuwa wake.

Tuanze na ukweli kwamba Zanzibar haikuipokea televisheni kama biashara. Mradi ulianzishwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, naye aliuawa Aprili 1972 kabla ya kuona matunda yake. Televisheni Zanzibar ilizinduliwa Januari 1974, chini ya Aboud Jumbe, katika maadhimisho ya miaka kumi ya Mapinduzi, na ikahesabiwa kuwa ya kwanza kurusha picha za rangi katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilikaa miaka ishirini zaidi bila kituo chake chochote, hadi vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa mwaka 1994. Chombo kilichozaliwa siku ya Mapinduzi, kwa fedha ya Serikali, hakikuwa na sababu ya kugombana na uwanja. Hakikuuza matangazo ya kibiashara kwa wingi, wala hakikuwa na mshindani wa kukinyang'anya watazamaji. Kwa miaka mingi TVZ ilikuwa hewani kwa saa chache tu za jioni na usiku, wakati mpira ulichezwa alasiri, katika viwanja vya Mao Tse Tung na Amaan. Anayedai kwamba televisheni kwa asili yake huusukuma mpira gizani ana deni la kueleza ni kwa nini miongo yote hiyo haikufanya hivyo.

Saa 10 za jioni zilikuwa na mantiki yake. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulikuwa wa watu waliokwenda na kurudi kabla ya kiza. Mechi ya kawaida ya ligi inaenea vizuri kati ya sala ya alasiri na ile ya magharibi. Fainali ina tatizo lake: haiwezi kuisha kwa sare. Mwezi wa Januari jua la Unguja huzama kama saa 12:45 jioni, na katika latitudo zetu kiza hakisubiri. Mchezo ulioanza saa 10:30, ukijumlisha mapumziko na dakika za majeruhi, unamalizika kama saa 12:20. Ongeza penalti, na mpigaji wa mwisho anapiga mpira wakati muadhini anashika kipaza sauti. Penalti hizo si jambo la kufikirika: Simba ilitwaa kombe kwa njia hiyo mbele ya Mtibwa Sugar mwaka 2015, Azam mbele ya URA ya Uganda mwaka 2018, na Yanga mbele ya Simba mwaka 2021. Kwa hiyo waandaaji walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuutamani usiku, hata kama kusingekuwa na kamera hata moja.

Kutamani ni jambo moja na kuweza ni jingine. Usiku unahitaji taa, na taa zinahitaji umeme wa kutegemewa. Tangu mwaka 1980 Unguja imepata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba, na kwa miaka zaidi ya thelathini waya huo ulikuwa mmoja tu. Ulipoharibika Mei 2008, kisiwa kilikaa takribani mwezi mzima bila umeme. Desemba 2009 hitilafu nyingine iliiacha Unguja kizani mpaka Machi 2010, na mashindano ya Mapinduzi ya Januari mwaka huo, yaliyochukuliwa na Mtibwa Sugar, yakaangukia katikati ya kiza hicho. Kupanga fainali ya usiku katika kisiwa cha namna hiyo ni kuweka heshima ya mashindano yote juu ya uzi mmoja. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013 kwa fedha za msaada kutoka Marekani. Fainali zilizofuata zilikuwa na jambo ambalo zile za kabla yake hazikuwa nalo: mwandaaji aliyeweza kutangaza saa ya usiku bila kuogopa.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo imo katika tarehe. Mwaka 2011, Simba ilipoifunga Yanga 2–0, fainali ilichezwa Januari 12, siku yenyewe ya Mapinduzi. Ilikuwa vivyo hivyo mwaka 2012 na 2013, Azam ilipochukua kombe mara mbili mfululizo. Mwaka 2014 ukaja na maadhimisho ya miaka 50, sherehe ya kilele ikafanyika Amaan Januari 12, na fainali ambayo KCC ya Uganda iliifunga Simba 1–0 ikachezwa Januari 13. Tangu hapo tarehe 13 imekuwa mazoea. Januari 12 ni sikukuu ya kitaifa, ofisi zimefungwa na mtu ana nafasi ya kwenda uwanjani mchana kutwa. Januari 13 ni siku ya kazi kama nyingine. Katika fainali 12 za mwaka 2014 hadi 2025, tarehe hiyo iliangukia Jumamosi au Jumapili mara tatu tu: 2018, 2019 na 2024. Mara tisa ilikuwa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Mtumishi anayetoka ofisini alasiri, mfanyabiashara wa Darajani ambaye hafungi duka mpaka jioni na mwanafunzi wa skuli ya mchana wasingeweza kuwahi mpira wa saa 10. Basi kalenda ya Serikali, kwa kuisogeza fainali siku moja mbele, iliiondoa alasiri katika hesabu.

Televisheni ya kulipia iliingia katika nyumba hiyo ikakuta mlango wa usiku umeshafunguliwa. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa mwaka 2013, na kwa upande wa Serikali mwaka huohuo redio na televisheni ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Ukubwa wa fedha zilizokuja na king'amuzi unaonekana Bara: Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mlango wa kiingilio hauwezi kushindana na kiasi cha namna hiyo. Amaan yenyewe, baada ya ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023 ikiwa na taa mpya na nafasi za watu wapatao 15,000, imegeuka jukwaa la fainali za wengine pia. Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB ya mwaka 2024, iliyotajwa awali kuchezwa Babati, mkoani Manyara, ililetwa Unguja, na Yanga ikaishinda Azam kwa penalti Juni 2. Mwaka uliofuata Yanga ilirudi Amaan kuifunga Singida Black Stars 2–0. Klabu za Bara, kombe la Bara, na fainali ng'ambo ya bahari: mchezo unafuata mahali ambapo picha itatoka vizuri.

Jambo hili lina mwenzake mbali na hapa. Australia huthamini sana ragbi ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, na fainali yake kuu ilikuwa mchezo wa mchana mpaka mwaka 2001. Septemba 30 mwaka huo, katika uwanja wa Olimpiki wa Sydney, Newcastle Knights waliifunga Parramatta Eels 30–24 katika fainali ya kwanza kuchezwa usiku, saa ambazo televisheni hupata watazamaji wengi zaidi. Wapo waliolalamika. Lakini Waaustralia walikuwa na kinga moja: fainali hiyo ilichezwa Jumapili, na Jumatatu yake katika jimbo la New South Wales ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Aliyechelewa kulala hakuwa na kazi asubuhi. Sisi tulifanya kinyume, tukaicheza fainali usiku wa baada ya sikukuu badala ya usiku wa kuamkia sikukuu.

Wapo watakaosema maelezo yote haya ni marefu bure, kwamba sababu ni joto. Januari ni msimu wa kaskazi, na mchezaji anayekimbia saa 10 Amaan anaoga jasho kabla ya mapumziko. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwili wa mchezaji, lakini joto la kaskazi halikuanza mwaka 2014, na vizazi vya wachezaji vilicheza ndani yake. Wengine watasema ni ibada: saa 2:15 imekaa palepale isha inapomalizika, na inamwachia muumini sala zake zote. Hoja hii ina nguvu zaidi, na ndiyo inayoeleza kwa nini saa hiyo imekubalika bila ugomvi mkubwa katika kisiwa cha Waislamu. Hata hivyo inaeleza kukubalika kwake tu. Saa 10 nayo ilikuwa inapatana na sala, mradi mchezo usizidi dakika 90.

Ushahidi kwamba saa si amri ya taa wala ya joto peke yake ulikuja Mei 25, 2025. Siku hiyo Simba iliikaribisha RS Berkane ya Morocco katika mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mchezo uliohamishwa kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi za watu 60,000. Amaan ilikuwa na taa zake zote, lakini mpira ulianza saa 10 jioni na kumalizika kwa sare ya 1–1, Berkane wakichukua kombe kwa jumla ya mabao 3–1. Fainali kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa Unguja ilichezwa juani, tena siku ya Jumapili, na picha zake zikafika barani kote. Saa ya mchezo, kwa maneno mengine, ni uamuzi. Ina mtu anayeipanga, na anayeipanga anaweza kuulizwa.

Ndiyo maana lawama nzima kwa televisheni inawasaidia wale wasiotaka kuulizwa. Anayeumia zaidi na saa ya usiku ni mtu wa shamba. Mchezo wa saa 2:15 unakwisha baada ya saa 4, ukienda kwenye penalti hata saa 4:30, na wakati huo gari za kwenda Kizimkazi, Bwejuu au Matemwe zimeshaondoka zamani. Mkaazi wa Mlandege, ambaye timu ya mtaa wake ilichukua kombe mwaka 2023 na tena 2024 kwa kuifunga Simba 1–0, anarudi nyumbani kwa miguu. Mwenzake wa Kusini anabaki na picha. Dawa ya tatizo hilo haimo mikononi mwa kituo cha televisheni. Fainali ikirudishwa Januari 12, au ikichezwa usiku wa kuamkia siku hiyo, mtazamaji wa mbali atakuwa na siku ya mapumziko mbele yake au nyuma yake. Serikali ikipanga magari ya kurudi kama inavyopanga ya kuleta watu kwenye gwaride, nusu ya malalamiko itakwisha.

Linalobaki juu ya televisheni ni swali la nani anaiona bila kulipa. Uingereza ina orodha ya kisheria, iliyowekewa msingi na Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, ya michezo ambayo haki zake haziwezi kufungiwa ndani ya kituo cha kulipia, na miongoni mwake imo fainali ya Kombe la Challenge la ragbi ligi, pamoja na ile ya Kombe la FA. Kombe lenye jina la Mapinduzi linastahili kinga ya aina hiyo katika sheria za Zanzibar, ili anayekunywa kahawa Jaws Corner na anayekaa kwenye maskani Donge wawe na uhakika wa kuiona kila mwaka, mkataba wowote utakaotiwa saini. Muda wa kuamua si mrefu. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza katika wiki ya kwanza ya Januari, na saa 2:15 ya usiku wa Januari 13 itaangukia ndani ya tarawehe. Mwaka huo saa itabidi ibadilishwe kwa vyovyote, na waandaaji hawatakuwa na pa kujificha. Ni bora Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, Serikali na wenye kamera wakae sasa na kuipanga hadharani, kwa sababu saa ambayo haina mwenye kuitetea ndiyo inayobakia kwa mazoea tu.