Worthy Farm: Banda la Ng'ombe Lililogeuka Jukwaa

Mwaka 1954, katika kijiji cha Pilton huko Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, Michael Eavis alifiwa na baba yake. Alikuwa na miaka 19, baharia wa meli za biashara. Akaiacha bahari, akarudi kulishika shamba la Worthy Farm: ekari 150, ng'ombe 60 wa maziwa, na deni la benki. Ilikuwa familia ya Wamethodisti, watu wa kuamka alfajiri kukamua. Kijana akafunga spika kwenye banda la kukamulia, ng'ombe wakawa wanakamuliwa huku muziki unapigwa.

Kiangazi cha 1970 alihudhuria tamasha la muziki Shepton Mallet, jirani tu na kwake, akarudi na hamu ya kuandaa lake. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo alifungua malango. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na maziwa ya shambani yakagawiwa bure. Walikuja watu wapatao 1,500, Marc Bolan akawaimbia, na mwenye shamba akaambulia hasara.

Mwaka uliofuata Andrew Kerr na Arabella Churchill, mjukuu wa Winston Churchill, walisimamia tamasha lisilo na kiingilio. Hapo ndipo lilipoonekana jukwaa la kwanza lenye umbo la piramidi, na David Bowie akaimba juu yake kukipambazuka. Lakini piramidi ninayoipenda zaidi ni ya 1981. Eavis aliijenga iwe ya kudumu, na kwa kuwa mkulima hajengi kitu cha kutumika siku tatu tu kwa mwaka, majira ya baridi iligeuka banda la ng'ombe na ghala la malisho. Mahali waliposimama wanamuziki wa kiangazi, ng'ombe walilala na kucheua. Moto uliiteketeza mwaka 1994, siku chache kabla ya tamasha, nalo tamasha likafanyika hivyohivyo. Piramidi ya leo ilisimamishwa mwaka 2000.

Watoto wa nyumba hii nao walikulia jukwaani. Mwaka 1985 Emily, binti wa Michael, alipanda pale na fidla yake akiwa na miaka mitano. Leo ndiye kiongozi wa tamasha. Baba mtu naye, mwaka 2016, akiwa na miaka 80, aliitwa jukwaani na bendi ya Coldplay, akaimba mbele ya umati mkubwa kwa furaha isiyofichika.

Sasa wanakuja watu zaidi ya 200,000, na sehemu ya mapato huenda kwa Oxfam, Greenpeace na WaterAid, shirika la maji linalofanya kazi hata Tanzania na Uganda. Hata hivyo wenyeji wa kweli ni ng'ombe. Wageni hukatazwa kukojoa ovyo, maana mkojo huingia mitoni ukaua samaki. Wakishaondoka, kila kigingi cha hema husakwa, na sumaku hupitishwa nyasini kuzoa vipande vya chuma, kwa sababu ng'ombe akimeza msumari huweza kufa. Na kila baada ya miaka kadhaa shamba hupumzishwa, nyasi ziote na ng'ombe walishe kwa nafasi: 2006, 2012, 2018. Zamu nyingine ya mapumziko ni 2026, na tamasha limepangiwa kurejea 2027.