Kutoka Tabora hadi Chuo Huria: Historia ya Mafunzo ya Walimu wa Elimu Maalumu na Unasihi kwa Shule za Mpanda na Mkoa wa Katavi

Utangulizi

Historia ya elimu maalumu nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata shule zilizotangulia kufunguliwa. Huanza na Shule ya Wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Hufuatiwa na Shule ya Wasioona ya Furaha, Tabora, mwaka 1962, kisha Shule ya Viziwi Tabora na Shule ya Wasioona ya Irente, Lushoto, zote mbili mwaka 1963. Baada ya shule hufuata vyuo, na baada ya vyuo hufuata sera. Katika masimulizi ya namna hiyo, Mpanda hutajwa kwa nadra sana.

Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka mahali palipopeleka watoto na walimu kwingine. Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa Mpanda na mkoa wa sasa wa Katavi, suala la idadi ya wataalamu limekuwa likitegemea suala jingine lililo la msingi zaidi: mtaalamu anafundishwa wapi, na baada ya kuhitimu anapangiwa kazi gani. Mafunzo ya elimu maalumu yalimwondoa mwalimu katika kituo chake cha kazi. Unasihi, kwa upande wake, uliingia shuleni kwa njia ya waraka kabla haujawa taaluma yenye nafasi yake. Kazi hizo mbili, zinazofundishwa vyuoni kama fani tofauti, hukutana kwa mwalimu mmoja katika shule za Katavi.

Reli, mgodi na shule za mbali

Mpanda ya leo ilikuzwa na mgodi wa risasi. Mashapo ya madini hayo yaligunduliwa mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili uchimbaji ukashika kasi. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa takribani kilometa 210, ili madini yaungane na Reli ya Kati na kusafirishwa hadi pwani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa miongo iliyofuata, reli hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kutegemewa ya kwenda Tabora, hasa wakati wa masika ambapo barabara zilikuwa hazipitiki.

Jambo hili lina uzito katika historia ya elimu maalumu. Shule za Furaha na Viziwi zilipofunguliwa, Mpanda ilikuwa bado inahesabiwa upande wa Tabora kiutawala. Kwa mzazi wa mtoto asiyeona au kiziwi, shule ya mtoto wake ilikuwa huko reli ilikoelekea. Mwaka 1974 ulianzishwa mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikaunganishwa na Sumbawanga. Tangu hapo ofisi ya elimu ya mkoa ilikuwa kusini, Sumbawanga, ilhali reli na shule maalumu zilizotangulia zilibaki kaskazini, Tabora. Mgawanyo huo wa njia mbili uliendelea hadi Machi 2012, mkoa wa Katavi ulipoanzishwa rasmi na Mpanda kuwa makao yake makuu.

Shule hizo za mwanzo zilikuwa za bweni. Mfumo wa bweni ulimpa mtoto mambo ambayo kijiji hakikuweza kumpa: vitabu vya nukta nundu, walimu wenye ujuzi, na wenzake wenye hali kama yake. Hata hivyo, ulimtenga na nyumbani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto kiziwi aliyejifunza alama shuleni alirudi likizo kwa wazazi wasiozijua. Nafasi zilikuwa chache pia, hivyo wengi walibaki nyumbani. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote hadi mwaka 1977, lilijaza madarasa ya vijijini kwa kasi kubwa. Mtoto mwenye ulemavu aliyeingia katika darasa hilo alikutana na mwalimu ambaye hakuwa amefundishwa namna ya kumsaidia.

Mwalimu anayeondoka

Mafunzo ya walimu wa elimu maalumu yalifuata njia ileile ya shule. Katika miaka ya 1970, Chuo cha Ualimu Tabora kilianza kuandaa walimu wa wanafunzi wasioona. Baadaye Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kikawa chuo cha Serikali cha fani hiyo, kikifundisha walimu wa wanafunzi wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Kwa mwalimu wa Mpanda, Tabora ilikuwa safari ya usiku mmoja kwa treni. Patandi ilikuwa upande wa pili wa nchi.

Ngazi ya chuo kikuu ilichelewa zaidi. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa, Lushoto, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na shahada ya ualimu katika elimu maalumu ikawa msingi wa kuanzishwa kwake. Haikuwa bahati kwamba chuo hicho kilianzia Lushoto, kwani Walutheri wa eneo hilo walikuwa wameiendesha Shule ya Irente kwa zaidi ya miongo minne. Mwaka huohuo wa 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kilianzishwa, na elimu ya mahitaji maalumu ikapata nafasi katika mafunzo yake ya ualimu.

Ongezeko hilo la vyuo liliambatana na mabadiliko ya sera. Mkutano wa Salamanca, Hispania, wa Juni 1994 ulikuwa umezihimiza serikali kuwapokea watoto wote katika shule za kawaida. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na kuandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2009 hadi 2017. Kwa mujibu wa mwelekeo huo, mtoto wa Mpanda hakupaswa tena kusafiri ili asome. Shule ya jirani ndiyo iliyopaswa kumpokea.

Sera hiyo ilitegemea mwalimu mwenye ujuzi awepo katika shule ya jirani, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Mwalimu aliyekwenda masomoni alihitaji ruhusa ya mwajiri, ada, na namna ya kuitunza familia aliyoiacha. Shule yake ilibaki na pengo kwa miaka mitatu, na hapakuwa na hakika kwamba angerudi palepale. Aidha, shahada ya ualimu kwa kawaida humwelekeza mhitimu katika shule ya sekondari, ilhali mtoto mwenye uziwi, uoni hafifu au ulemavu wa akili huanza kuachwa nyuma katika darasa la kwanza na la pili. Kadiri mwalimu alivyopanda kielimu, ndivyo alivyosogea mbali na darasa lililomhitaji zaidi.

Unasihi kwa njia ya waraka

Kabla ya shule kupewa jukumu la unasihi, kijana alishauriwa na jamaa zake: babu, bibi, shangazi na mjomba. Katika Katavi mtandao huo umepitia misukosuko ya pekee. Kuanzia mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipokelewa katika makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao walipata uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo pamoja na Ulyankulu, Tabora. Wafugaji na wakulima kutoka kanda ya ziwa nao wamehamia kwa wingi katika ardhi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani Katavi, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Vijiji vipya vilijaa watoto ambao shangazi na bibi zao walibaki walikotoka.

Wizara ya Elimu ilianza kuupa unasihi sura rasmi mwaka 1984, na msisitizo wake wa awali ulikuwa kumwongoza mwanafunzi wa sekondari katika kuchagua masomo na kazi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fani hiyo ilikua ndani ya mafunzo ya saikolojia ya elimu. Kitabu cha P. L. Biswalo kuhusu ushauri na unasihi katika mazingira ya Afrika, kilichochapishwa mwaka 1996, kikawa rejeo la kawaida kwa wanafunzi wa ualimu. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma hiyo itolewe katika shule na vyuo vya ualimu. Utekelezaji wake ulimtegemea mkuu wa shule, aliyemteua mwalimu mmoja au wawili kuwa wanasihi. Mwalimu huyo aliendelea na vipindi vyake vyote. Hakuna kada ya mnasihi iliyoanzishwa sambamba na ile ya mwalimu, na mara nyingi hapakuwa na chumba cha faragha cha kuzungumzia.

Mwaka huohuo wa 2002 zilitolewa pia kanuni za kufukuza wanafunzi shuleni, zilizotumika kuwaondoa wasichana waliopata ujauzito. Kwa hiyo msichana aliyeelekezwa kumwendea mwalimu mnasihi alijua kwamba, akisema ukweli wake, shule hiyohiyo ingeweza kumfukuza. Kwa Katavi jambo hili halikuwa dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 27. Ni hadi Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2, ndipo wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, waliporuhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Tangu hapo ndipo mnasihi alipoweza kumsikiliza msichana pasipo kivuli cha adhabu hiyo.

Chuo kinachomfuata mwalimu

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994. Kilijengwa juu ya wazo kwamba mwanafunzi anaweza kusoma akiwa kazini, akihudumiwa na kituo cha mkoa anachoishi. Elimu ya ualimu ilikuwamo tangu miaka yake ya mwanzo, na shahada ya ualimu katika elimu maalumu ikaongezwa baadaye. Mkoa wa Katavi nao una kituo chake mjini Mpanda.

Kwa mwalimu wa Mlele, Nsimbo au Mishamo, mpango huo ulibadilisha hesabu nzima. Aliweza kusoma usiku, kufundisha mchana, na kwenda kituoni kwa mitihani na vipindi vya ana kwa ana. Alichokisoma kuhusu uziwi au usonji jioni, alikutana nacho darasani asubuhi. Shule haikumpoteza.

Hata hivyo, faida hiyo ina mipaka yake. Nadharia za makuzi husomeka kitabuni, lakini vidole havizoei nukta nundu kwa kusoma habari zake, wala lugha ya alama haimei bila kuzungumza na viziwi wenyewe. Unasihi nao hujengwa kwa mazoezi yanayosimamiwa na mwenye uzoefu, mahali ambapo makosa ya mwanafunzi yanaweza kusahihishwa kabla hayajamdhuru mtu. Mwalimu anayesoma kwa masafa hupata mazoezi hayo ikiwa tu mkoa wake una vitengo vyenye vifaa na wataalamu wa kumpokea. Kwa maneno mengine, elimu huria huwafaa zaidi walio karibu na huduma ambazo wengine wanasoma ili wazianzishe.

Darasa moja, kazi mbili

Vyuo vikuu hutenganisha elimu maalumu na unasihi kwa idara na kwa shahada. Maisha ya wanafunzi hayatenganiki hivyo. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa kanda ya ziwa na magharibi kuanzia mwaka 2007 yanatoa ushahidi ulio wazi. Watoto wengi walikusanywa katika shule za bweni kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, kwa ajili ya usalama wao. Mtoto wa aina hiyo anahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele na kinga ya jua. Anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu, na kuhusu sababu ya kutorudi nyumbani likizo. Haja ya kwanza hufundishwa katika elimu maalumu, na ya pili katika unasihi. Ndivyo ilivyo pia kwa msichana kiziwi aliyetendewa ukatili: mnasihi asiyejua alama hawezi kumsikiliza, na mwalimu wa viziwi asiyejua unasihi huenda asijue la kufanya na alichoambiwa.

Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha hatua tatu. Kwanza, mtoto alisafirishwa kwenda shule ya mbali. Pili, mwalimu alisafiri kwenda chuo cha mbali. Tatu, chuo kilisogea hadi alipo mwalimu, lakini vitendo na vifaa havikusogea kwa kasi ileile. Katika hatua zote, uamuzi wa kitaifa ulitangulia na nafasi ya kazi shuleni ikachelewa.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Mafunzo ya masafa yanapaswa kuambatana na vipindi vya vitendo vinavyofanyika ndani ya mkoa, katika vitengo vilivyopo. Mhitimu wa elimu maalumu anapaswa kuweza kupangiwa shule ya msingi pasipo kupoteza hadhi ya shahada yake. Mwalimu mnasihi naye anapaswa kupunguziwa vipindi na kupewa mahali pa faragha, ili jukumu alilopewa na waraka wa mwaka 2002 liwe kazi inayohesabiwa. Mkoa ambao idadi ya watu wake imeongezeka maradufu katika muongo mmoja hauwezi kuwasafirisha watoto wake wote kwenda Tabora, wala kuwasubiri walimu wake wote warudi kutoka Patandi na Lushoto.