Picha Maarufu ya Malkia Elizabeth Akishuka Ndege: Stori Yake Ilianzia Nyeri

Kama wewe hupenda kuperuzi picha za kitambo, hii lazima umeicheki. Dem wa miaka 25, nguo nyeusi tupu, anashuka ngazi za ndege peke yake. Chini wazee wamepanga laini wakimngoja, na kati yao yuko Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, buda wa miaka 77.

Hapo ni London, tarehe 7 Februari 1952. Dem ni Elizabeth, na ndio anakanyaga Uingereza mara ya kwanza akiwa malkia. Kazi imeanza hapo kwa ngazi: kupokea salamu za wanaoendesha serikali yake.

Sasa skiza. Safari hiyo ilianzia hapa kwetu.

Elizabeth alitua Nairobi tarehe 1 Februari na mumewe Philip, wakielekea Australia na New Zealand kwa niaba ya budake, Mfalme George VI, ambaye alikuwa mgonjwa. Usiku wa tarehe 5 walikesha Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kule Aberdare, wakicheki wanyama wakinywa maji. Usiku huo huo mfalme akaaga usingizini, akiwa na miaka 56. Asubuhi Elizabeth alishuka kwa mti akiwa tayari malkia, na hakuna msee pale alijua.

Habari ilimpata mchana akiwa Sagana Lodge, nyumba aliyopewa na koloni kama zawadi ya harusi. Philip ndiye alimwambia. Walipoondoka jioni, wapiga picha walikuwa wamesimama nje, kamera zimewekwa chini. Hakuna aliyebonyeza. Ndio maana dunia inakumbuka ngazi za London, si vumbi la Nyeri.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Tarehe 8 alisoma kiapo chake mbele ya wakuu wa nchi, na tarehe 15 akamzika budake. Taji lenyewe alivishwa tarehe 2 Juni 1953.

Lakini usiishie kwa huruma tu. Tarehe 20 Oktoba 1952, hata mwaka haujaisha, gavana wake Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Msako ukaanza usiku huo, Jomo Kenyatta akashikwa, na maelfu ya watu wakaishia kambini. Treetops nayo ilichomwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka wa 1954.

Sagana Lodge ilirudi mikononi mwa Kenya wakati wa uhuru, na leo ni ikulu ndogo ya rais. Kwa hivyo ukipatana na hiyo picha tena, usidanganywe ati stori inaanza London. Yule dem alijua yeye ni malkia akiwa Nyeri, na watu wa Nyeri ndio walikuwa kati ya wa kwanza kulipia utawala wake.