Kutoka Kambi ya Kigarama hadi Huduma za Majumbani: Uhusiano wa Watoa Huduma za Afya na Wagonjwa Bukoba na Muleba, 1907–2004

Historia ya tiba Bukoba na Muleba huelezwa zaidi kupitia hospitali na dawa. Insha hii inachunguza kilichomfanya mgonjwa arudi kwa aliyemtibu. Hoja yake ni kwamba uhusiano ulidumu pale mtoa huduma alipoendelea kuwa na mgonjwa hata tiba iliposhindwa kumponya.

Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani ulianzisha kambi ya malale huko Kigarama, Kiziba, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Wagonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye arseniki iliyohitaji sindano za miezi mingi na iliyoweza kupofusha. Wenyeji walifundishwa kupapasa tezi za shingo, kisha wakatumwa vijijini kutafuta wagonjwa. Walijua Kihaya na waliweza kuingia katika vibanja vya watu, lakini kazi yao ilikuwa kumtambua mgonjwa na kumpeleka kambini. Wagonjwa ambao hawakuona nafuu waliondoka, na kambi haikuwa na namna ya kuwafuata ila kwa amri.

Hali ilikuwa tofauti UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Utafiti wa 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 miongoni mwa watu wazima mjini Bukoba, na asilimia 10.0 katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Dawa ya kuzuia virusi haikuwapo. Hospitali zilitibu magonjwa nyemelezi, kisha mgonjwa akarejea nyumbani. Wahudumu wa makanisa na wa asasi kama WAMATA, iliyoanzishwa 1989, waliwafuata wagonjwa huko. Waliwapa ushauri nasaha, waliwafundisha jamaa kuuguza, na walizungumza nao kuhusu watoto na kibanja watakachoachiwa. Kwa kuwa unyanyapaa ulikuwa mkali, kutunza siri kulikuwa sharti la kukaribishwa tena.

Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo mwaka 2004, tiba iligeuka kuwa ya maisha yote. Dawa hizo zilimtaka mgonjwa arudi kliniki mara kwa mara, naye angerudi kwa mtu aliyemwamini. Kwa hiyo, historia ya huduma za majumbani haipaswi kusomwa kama kipindi cha kungojea dawa: ndipo ulipojengwa msingi wa uaminifu ambao tiba ya maisha yote iliuhitaji.