Kivuli cha mshumaa na safari ya kupima masizi

Krismasi ya 1860, katika ukumbi wa Royal Institution jijini London, Michael Faraday aliumulika mshumaa unaowaka kwa taa kali ya umeme mbele ya hadhara ya vijana. Kivuli cha mwali kikatokea kwenye kiwambo. Ajabu ni kwamba sehemu ya mwali iliyong'aa kuliko zote ndiyo iliyotoa kivuli cheusi zaidi.

Sababu ni masizi. Humphry Davy, aliyemfundisha Faraday kazi, alikuwa ameshaieleza zaidi ya miaka 40 nyuma, alipokuwa akishughulikia taa salama ya wachimbaji wa makaa ya mawe: rangi ya manjano ya mwali hutokana na chembe ngumu za kaboni zilizopata moto hadi kung'aa. Zikikutana na hewa ya kutosha huungua zikaisha. Zikipoa mapema hutoka kama moshi. Aliyewahi kupandisha mno utambi wa kibatari anaujua moshi huo.

Si wote waliokubali. Edward Frankland alishikilia kwamba mwanga huo hutokana na gesi nzito, wala si chembe. Hoja yake haikuwa ya kubezwa, kwani alionyesha kuwa hata haidrojeni, isiyo na kaboni kabisa, hung'aa ikiunguzwa katika oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Miaka ya 1870, Jacques-Louis Soret wa Geneva aliupitisha mwanga wa jua ndani ya mwali, akaona unatawanyika kama unavyotawanywa na vumbi laini. Kwangu mimi, hapo ndipo Davy aliposhinda.

Kuona ni jambo moja, kupima ni jingine. Ukiingiza kifaa ndani ya mwali unauvuruga, na chembe zenyewe ni ndogo kiasi cha makumi machache ya nanomita. Leza, iliyopatikana 1960, ndiyo iliyofungua njia. Watafiti walipima mwanga wake unavyofifia ukipita kwenye mwali: kivuli kilekile cha Faraday, sasa kwa tarakimu. Kisha mwaka 1984 L. A. Melton akaeleza namna ya kuyapasha masizi kwa mpigo mfupi wa leza hadi nyuzi 4,000 hivi za Kelvin. Ukali wa mng'ao wake huonyesha wingi wa masizi. Kasi ya kupoa huonyesha ukubwa wa chembe, kwa kuwa ndogo hupoa upesi.

Leo njia hiyo hutumika kupima masizi yanayotoka kwenye injini za dizeli na za ndege.