Mchango, Hisa na Hati: Setilaiti za Kuchangiwa na Sarafu za Kidijitali kwa Mtazamo wa Mururu, Rusizi

Ikisiri

Tangu mwaka 2011 miradi kadhaa imechangisha fedha kwa watu wengi ili kurusha setilaiti ndogo, na baadhi yake imekusudia kuhudumia sarafu za kidijitali. Makala haya yanafuatilia historia ya miradi hiyo na kuilinganisha na uzoefu wa Mururu, kata ya mpakani iliyo katika Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda. Hoja yake ni kwamba miradi hiyo huzungumza kwa lugha ya upatu, ambamo kila mwanachama ana zamu na haki, ilhali imeundwa kama mchango, ambamo mtoaji hadai kitu. Tofauti hiyo ya maneno ni tofauti ya umiliki, na watunga sera wa ukanda wetu wanapaswa kuizingatia kabla umma haujaombwa kutoa fedha zake.

1.0 Utangulizi

Mururu ni kata, au umurenge kwa Kinyarwanda, iliyo kusini-magharibi mwa Rwanda. Ng'ambo ya Mto Rusizi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa lugha ya biashara hapa muda mrefu kabla ya sheria hiyo.

Eneo hili lina uzoefu mkubwa wa mabadiliko ya fedha. Wakati wa Wajerumani ilitumika rupia. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walileta faranga ya Kongo. Mwaka 1960 ikaja faranga ya Rwanda na Burundi, na mwaka 1964 faranga ya Rwanda. Upande wa pili wa mto, zaire ilianza kutumika mwaka 1967, zaire mpya ikafuata mwaka 1993, na faranga ya Kongo mwaka 1998. Hiyo zaire mpya ilikataliwa na wakazi wa Kasai, ambao waliendelea kutumia noti za zamani licha ya amri ya serikali. Mkazi wa mpakani, basi, hahitaji kufundishwa kwamba thamani ya sarafu hutokana na imani ya watu wanaoipokea.

Mwezi Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu. Benki zilifungwa na noti zikawa adimu katika mji ambao uchumi wake umefungamana na ule wa Rusizi. Katika hali kama hiyo, wazo la fedha isiyohitaji benki, inayopitia angani pasipo mnara wala waya, halipaswi kupuuzwa kama ndoto ya matajiri wa mbali. Swali la makala haya ni hili: wazo hilo likija hapa kwa njia ya kuchangishana, mchangaji atapata nini?

2.0 Kuchanga, kuchangia, kuchangisha

Kiswahili kina msamiati mpana wa kutoa fedha kwa pamoja. Watu huchanga, mtu huchangia jambo, na mwenye shughuli huchangisha watu. Mnyambuliko huu unaonyesha nani anatoa, kwa ajili ya nini, na kwa kuhimizwa na nani. Hakuna umbo hata moja kati ya hayo linalodokeza kwamba mtoaji anakuwa mmiliki. Anayechangia harusi hadai sehemu ya mahari. Waliochangia ujenzi wa shule za harambee nchini Kenya, hasa baada ya uhuru wa mwaka 1963, hawakupewa hati za majengo. Walipata shule, na hilo lilitosha kwa sababu shule ilikuwa kijijini kwao na watoto wao waliingia humo.

Upatu ni jambo jingine. Rwanda huuita ikimina, Bukavu wanauita likelemba, na Kenya hujulikana kama chama. Humo kila mtu ana zamu au fungu lake, na asiyepewa haki yake anajua mlango wa kubisha. Mfumo wa Umurenge SACCO, uliowekwa nchini Rwanda kwa lengo la kila kata kati ya kata 416 kuwa na ushirika wake wa akiba na mikopo, ulirasimisha utamaduni huo. Mwanachama wa SACCO ana hisa, ana kura, na ana daftari.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo haisemi kibaba ni cha nani. Katika upatu jibu linajulikana tangu mwanzo. Katika mchango huwa halijaulizwa.

3.0 Setilaiti za kuchangiwa: 2011 hadi 2020

Mfano wa awali unaofaa ni KickSat. Mwaka 2011 Zac Manchester, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliomba fedha kwa umma kupitia tovuti ya Kickstarter. Watu 315 walitoa zaidi ya dola 74,000. Setilaiti hiyo ilibeba vyombo 104 vidogo mno, ambavyo vingeachiwa angani na kutuma ishara za redio. Ilirushwa tarehe 18 Aprili 2014. Saa ya ndani ya chombo ilijirudisha mwanzo kabla ya muda wa kuviachia kufika, na tarehe 14 Mei KickSat iliingia tena katika angahewa na kuungua pamoja na shehena yake. Chombo cha pili, KickSat-2, kilifanikiwa mwezi Machi 2019.

Kwa wachangiaji wale hasara haikuwa kubwa, kwani walitoa fedha kama wapenzi wa sayansi na hakuna aliyetegemea ishara ile kulipia chakula. Mambo hubadilika setilaiti inapokusudiwa kubeba fedha.

Mradi wa BitSat ulihusu jambo hilo hasa. Jeff Garzik, mmoja wa waandishi wa programu ya Bitcoin, alipendekeza setilaiti ndogo ambazo zingetangaza kutoka angani daftari la pamoja la miamala ya sarafu hiyo, ili mtandao usitegemee nyaya na kampuni za ardhini pekee. Michango ya watumiaji wa sarafu hiyo ilitarajiwa kugharimia kazi. Mwaka 2014 kampuni yake, Dunvegan Space Systems, iliingia mkataba na Deep Space Industries kuhusu utengenezaji wa vyombo hivyo. Havikurushwa kamwe.

Lengo la BitSat lilikuja kutimizwa kwa njia nyingine. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya Blockstream ilianza kutangaza daftari la Bitcoin kutoka angani, Afrika ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kufikiwa. Kampuni hiyo haikujenga setilaiti yoyote, bali ilikodi nafasi katika setilaiti za mawasiliano zilizokuwa tayari angani. Mwenye dishi dogo, kipokezi na kompyuta anaweza kupokea daftari bila intaneti. Ila dishi hilo hupokea tu. Anayetaka kutuma malipo lazima atafute njia nyingine, kama vile simu au intaneti ya kawaida.

Garzik mwenyewe alirudi katika uwanja huu kama mwanzilishi mwenza wa SpaceChain, iliyopata fedha kwa kuuza tokeni zake. Nodi yake ya kwanza ilirushwa kwa roketi ya China mwezi Februari 2018. Kifaa kingine kilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Desemba 2019, na mwezi Juni 2020 kilitumika kuidhinisha muamala wa Bitcoin. Hapa lugha ilisogea karibu zaidi na upatu, kwani mnunuzi wa tokeni alishika kitu mkononi. Hata hivyo, kushika tokeni si kushika hisa ya chombo, wala si kupewa kura kuhusu njia yake, matumizi yake au mwisho wake.

Ipo pia hesabu ambayo matangazo ya miradi hii huipita haraka. Setilaiti ya mzingo wa chini huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, na huonekana kutoka mahali pamoja kwa dakika kumi hivi ikipita vizuri. Bitcoin huongeza ukurasa mpya katika daftari lake kila baada ya takriban dakika 10. Kwa hiyo, katika mzunguko mmoja wa setilaiti kurasa zipatazo tisa huongezwa, na nyingi kati yake huandikwa chombo kikiwa juu ya bahari au mabara mengine. Setilaiti moja ndogo haiwezi kuwa benki ya Mururu. Huduma ya kudumu huhitaji kundi zima la vyombo, na vyombo vya mzingo huo huhitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Gharama kubwa, basi, ni ya kuendelea, na kuchangisha kwa mkupuo mmoja hakuibebi.

4.0 Jina bila hati

Afrika Mashariki ina historia yake ya anga, na kwa mtafiti wa lugha historia hiyo inaanza na jina. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco, karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya unajimu vya dunia nzima. Chombo chenyewe kilibaki mali ya NASA.

Miaka 48 baadaye jambo la namna hiyo lilitokea katika wilaya ya Mururu yenyewe. Wanafunzi wa shule iliyo katika Kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu, waliipa setilaiti ya kampuni ya OneWeb jina la Icyerekezo, yaani dira au maono. Ilirushwa tarehe 27 Februari 2019 kutoka Guyana ya Ufaransa ikiwa miongoni mwa sita za kwanza za kampuni hiyo. Safari hii Rwanda haikuishia kwenye jina. Mwezi uliofuata OneWeb ilipotangaza kupata dola bilioni 1.25, Serikali ya Rwanda ilitajwa miongoni mwa wawekezaji.

Mwezi Machi 2020 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa ufilisi katika mahakama ya New York. Ilitoka huko mwezi Novemba ikiwa chini ya Serikali ya Uingereza na kampuni ya Bharti Global ya India. Mustakabali wa chombo chenye jina la watoto wa Nkombo uliamuliwa New York, London na Delhi. Funzo ni kwamba jina halitoshi, na hisa nayo, isipoandamana na masharti yenye nguvu, haimwezeshi mwenyewe kuamua.

Linganisha na RWASAT-1, setilaiti ndogo ambayo wahandisi wa Rwanda waliitengeneza kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Tokyo, na ambayo iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Novemba 2019. Ilikuwa ndogo kuliko Icyerekezo, na haikuwa na mvuto wa matangazo kama ule, lakini mwenyewe alijulikana.

5.0 Mfano ulio mtoni

Mururu haihitaji kwenda mbali kutafuta namna ya kumiliki kwa pamoja kitu cha gharama kubwa. Katika Mto Rusizi kipo kituo cha umeme cha Rusizi II, kinachojulikana pia kama Mururu II. Hakikujengwa kwa mchango. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1983 zikaunda SINELAC, kampuni ya kimataifa yenye makao yake Bukavu, na kituo kikaanza kazi mwaka 1989.

SINELAC haijakosa matatizo. Malimbikizo ya madeni ya mashirika yanayonunua umeme wake yamekwamisha matengenezo kwa miaka mingi. Hata hivyo, mashine inapoharibika kuna hati inayosema ni ya nani, nani anawajibika, na deni linadaiwa wapi. Nchi hizo tatu zimepita katika vita na uhasama mkubwa, na hati hiyo haijafutwa.

Mfano huu unagusa moyo wa suala la anga. Watetezi wa sarafu za kidijitali husifu fedha isiyo na serikali. Lakini chini ya Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, dola ndiyo inayowajibika kimataifa kwa shughuli za raia na kampuni zake angani, na masafa ya redio huombwa na serikali kupitia Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Hakuna mchangaji anayefika angani bila kupitia mlango wa dola. Suala lililobaki ni dola ipi, kwa masharti gani, na kwa faida ya nani.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa haithibitishi kwamba setilaiti za kuchangiwa ni upuuzi. KickSat-2 ilifaulu, na daftari la Bitcoin linapokewa kwa dishi barani Afrika. Inathibitisha kwamba kukusanya fedha ndiyo hatua nyepesi. Makala haya yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mamlaka za fedha na za anga za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zidai kwamba kila tangazo la kuchangisha lieleze kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji kama fedha inayoombwa ni mchango, mkopo au hisa. Maneno hayo matatu tunayo, na hata mtoaji asiyejua Kiingereza anayaelewa.

Pili, mradi wowote utakaoahidi kubeba fedha za watu uonyeshe gharama za miaka inayofuata urushaji, pamoja na jina la dola itakayoandikisha chombo na kukibebea dhima. Ahadi ya kurusha pekee isihesabiwe kuwa mpango.

Tatu, mahitaji ya mpakani yapimwe kwa mpangilio wake. Benki zinapofungwa, mfanyabiashara mdogo huhitaji umeme wa kuchajia simu, mtu wa kumbadilishia fedha, na sheria ya kumlinda akitapeliwa. Setilaiti inaweza kumletea taarifa. Hayo mengine matatu hushughulikiwa ardhini.

Iwapo baada ya kupima hayo wakazi wa Rusizi na Bukavu wataona inafaa kuwa na chombo chao angani, na wakichangie. Ila wakichangie kama wanachama wa ikimina, wakijua zamu zao na daftari liko kwa nani, kabla ya kuulizwa kitaitwaje.